Mukombero wa Nyuma ya Jiko

Kukhu,

Mulembe. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifunza kwamba mtu haingii kwa mwenzake kimya kimya kama mwizi wa kuku, kwa hivyo nakusalimia kwanza. Ni mimi, mume wako. Ndivyo ulivyoniita mimi mjukuu wako tangu nilipopewa jina la babu yangu Kuka, Makokha, na watu walikuwa wakivunjika mbavu kila ulipopaza sauti katikati ya soko la Navakholo: "Mume wangu, kuja unibebee hii kikapu." Nilipokuwa darasa la tano niliona haya mpaka nikajificha nyuma ya magunia ya mahindi. Leo ningekubali uniite hivyo mbele ya soko zima, na mbele ya wote niliosoma nao umeme pale Sigalagala, kuliko kuandika haya ninayoyaandika.

Niko chumbani mwangu Shieywe, Jumapili alasiri, bado nimevaa shati la kanisa. Nimetoka kuwaambia vijana wa kanisa jambo ambalo nilipaswa kukuambia wewe ungali hai. Nilipata nafasi ya kulisema, tena si moja, nikazimeza zote. Sasa siwezi kuliambia kanisa halafu nikuache wewe mwenyewe bila habari.

Kukhu, ni mimi niliyeng'oa ule mmea wa Kuka nyuma ya jiko, mukombero. Wote. Hata mama.

Nimekaa kitambo nikiutazama mstari huo. Nilidhani nikishauandika mkono ungekuwa mwepesi. Bado.

Wacha nianze mwanzo, nisirukeruke. Ulikuwa ukisema mimi huongea kama kuku aliyekanyaga makaa.

Unakumbuka tulivyokuwa tumeaibika na mambo ya hema. Mzee mmoja wa kanisa alikufa, vijana tukapewa kazi ya kukodisha hema na viti, na hema likafika wakati mwili unateremshwa kaburini. Watu walikuwa wameshanyeshewa kama miwa shambani. Baada ya hapo tukakutana, mimi mwenyekiti, tukasema lazima kanisa letu liwe na hema lake na viti vyake. Swali likawa tutauza nini. Mmoja akasema mandazi. Mwingine akasema sabuni ya maji, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ufagio akatuambia kwake ana sabuni aliyouziwa na vikundi vinne na sufuria bado ni chafu. Ndipo nikasema, "Tuuze mukombero."

Walicheka mpaka kiti kimoja kikaanguka. Pasta alivua miwani. Mzee wa kanisa aliuliza kama vijana wa leo wameishiwa haya kiasi cha kutaka kupeleka mbele ya madhabahu ule mzizi wanaume wanaoutafuna wakielekea nyumbani kwa wake zao. Nikaeleza kwamba mukombero si wa hayo tu, kwamba kwetu watoto walipewa wakikataa kula, na kwamba unga wake ukitiwa kwenye chai unanukia nyumba nzima. Hakuna aliyesikia. Ila yule mama wa ufagio akasimama akasema, "Hata mimi natafunanga." Pasta akavaa miwani yake, hoja ikapita.

Nilipokuja kukuambia ulicheka hadi ukajifuta macho na leso. Ukasema, "Kanisa imekubali mukombero? Basi Yesu ako karibu kurudi." Na hukunipa masharti mengi. Ulisema vijana waje siku moja tu, wakati mvua imelainisha udongo, na wewe mwenyewe uwe pale.

Tulikuja kumi na wawili. Uliketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, chini ya ile miti ya lusiola ambayo mukombero ulikuwa umeikwea mpaka juu, majani yake mapana yakining'inia. Kabla hata jembe halijagusa ardhi ukatusimulia jinsi Kuka alivyouleta. Mwaka aliokuoa hakuwa na blanketi la kukupa, kwa hivyo alienda msituni akarudi na mche mmoja umefungwa kwa majani mabichi ya mgomba nyuma ya baiskeli. Akakuambia, "Blanketi italaluka. Hii utatafuna mpaka uzee." Ulimwigiza vile alivyokuwa akisema l mahali pa r, vijana wakafurahi sana.

Kisha ukatufundisha. Usichimbe shinani. Anza mbali kidogo, fuata kwa vidole, ukipata mzizi ulionona ukate kwa kisu, usiuvute. Chukua miwili kwa kila shina. Rudisha udongo, ukandamize kwa mguu polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Na ule mzizi mkubwa wa katikati, ulioteremka moja kwa moja, huo ulikuwa mama. "Watoto chukueni," ukasema. "Mama haguswi. Mama akitoka, hakuna kesho." Violet, yule msichana mwembamba anayeandika kumbukumbu za kikundi, alivuta mzizi mmoja kwa haraka, nawe ukamgonga mkono kidogo kwa fimbo yako. Alikupenda tangu siku ile.

Tulitoka na gunia moja. Nikusimulie kazi tuliyoifanya, maana hukupata kuiona yote, na sehemu hii haina aibu. Tuliosha, tukaanika kwenye mikeka. Mingine tulikata vipande vya urefu wa kidole tukafunga kwa nyuzi za mgomba, sita sita. Mingine tuliitwanga, tukachunga, tukatia unga kwenye pakiti ndogo. Kila kijana alipewa karatasi ya kuandika majina kumi ya wateja, na sheria ilikuwa moja, jina la mtu wa nyumbani kwako halihesabiwi. Baada ya ibada tukasimama mlangoni na chupa za chai. Mtu alionja chai, akapewa kipande atafune, kisha akapewa maji baridi. Wewe unajua yanavyokuwa. Maji ya mfereji yanageuka matamu mdomoni, na mtu anakutazama kama umemfanyia mazingaombwe.

Lakini kilichouza zaidi ni hadithi yako. Niliwaambia vijana wasiuze mzizi, wauze baiskeli ya Kuka. Mimi mwenyewe niliisimulia vizuri kuliko wote. Niliisimulia mlangoni mwa kanisa, kwa mafundi wenzangu, kwa mwenye hoteli fulani pale mjini niliyekuwa nikimtengenezea taa. Nilisema, huu ni mukombero wa mapenzi ya miaka hamsini. Wazee walinunua, wake zao wakanunua. Matawi mengine ya kanisa yakasikia, yakatuma karatasi zao. Mwenye hoteli akataka pakiti nyingi za chai. Violet akaniambia faraghani kwamba majina tuliyoandika yamezidi gunia letu mara mbili. Pasta alikuwa karibu akauliza kama tutaweza. Nikamjibu kwa sauti, ili wote wasikie, "Pasta, hakuna shida. Kwa Kukhu hauishi."

Hapo ndipo nilipopotea. Ningesema tu, "Tumefika mwisho, wengine wangoje mwaka ujao." Hakuna ambaye angekasirika. Lakini nilikuwa nimeonja kuitwa kijana wa maana, na utamu wake nao ulikuwa umenikaa mdomoni.

Wiki hiyohiyo presha ikakupanda, mguu ukavimba, ukalazwa. Ijumaa nilikuletea uji kwenye chupa. Ulikuwa umechoka, lakini uliniuliza kuhusu mauzo kabla hata ya kuuliza habari ya mama yangu. Nikakuambia yanaenda vizuri, ila tungehitaji kuchimba tena kidogo. Ukatikisa kichwa. "Ngojeni mvua ya mwaka ujao," ukasema. "Hiyo imechoka kama mimi." Nikasema sawa, Kukhu. Nikakushika mguu, nikakufunika shuka. Nikatoka pale nikiwa nimeshaamua.

Nataka ulijue hili vizuri, nisije nikajitetea mbele yako baadaye kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nilijua shangazi yangu Senge yuko nawe hospitalini na hakuna mtu nyumbani. Ndiyo maana nilichagua kesho yake asubuhi. Mwizi hangepanga vizuri zaidi.

Nilienda na vijana watano na majembe. Tulimaliza watoto wote kwa muda mfupi, na haikutosha. Tukafika kwa mama. Kukhu, sikujua ni mkubwa hivyo. Alikuwa mnene kuliko paja langu, ganda lake limekunjamana, na kila tulipodhani tumefika mwisho alikuwa anaendelea chini. Violet aliacha jembe. Akaniuliza, "Na huu pia?" Nikamjibu bila kumtazama, "Kukhu amesema tutoe yote, atapanda mpya." Aliponitazama niliinama nikajifanya natafuta kisu. Tulimvuta watu watatu. Alipotoka, utomvu mweupe ulichuruzika, na harufu ikajaa uani mpaka jirani akaita ng'ambo ya ua akiuliza tunapika nini.

Na bado sikuishia hapo. Vijana walipotangulia na magunia, nilibaki. Nilijaza mashimo, nikasawazisha, kisha nikachukua yale matawi yasiyo na mizizi nikayachomeka ardhini, nikayaegemeza kwenye lusiola, ili mtu akisimama mlangoni mwa jiko aone kijani. Mimi, fundi wa umeme, ninayewakemea watu kwa kufunga soketi ukutani bila waya nyuma yake.

Mauzo yalifaulu. Lazima nikuambie hivyo kwa sababu ni kweli, na ndiyo sehemu inayonichoma. Siku ya kugawa, kila jina kwenye karatasi lilipata mzigo wake, hakuna aliyerudi mikono mitupu. Tukanunua hema, jeupe lenye pindo za buluu, na viti. Pasta aliniombea nikiwa nimepiga magoti mbele. Baadaye nilialikwa kwa vijana wa matawi mengine nikawafundishe namna ya kupanga mauzo yakafaulu. Nilisimama mbele ya ubao na kalamu nyekundu. Nikaandika: chagueni bidhaa yenye hadithi. Waliandika kwenye madaftari yao, Kukhu. Waliandika kama maandiko.

Ukarudi nyumbani. Matawi yangu ya uongo yalikuwa yameshakauka, nikayatupa kwenye ua usiku uliotangulia. Ulikuwa huwezi kutembea mbali, kitanda chako kikawekwa sebuleni. Jioni ile ulinishika mkono, ukauliza, "Mama yuko?"

Nikasema, "Yuko."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukaomba chai. Senge alikuwa akikamua ng'ombe, kwa hivyo nilienda jikoni mwenyewe, na hapakuwa na majani ya chai, palikuwa na pakiti moja ya unga wetu niliyokuletea kama zawadi. Nikakupikia hiyo. Ulikunywa ukafumba macho. Ukasema, "Hii ni tamu kushinda ya siku zote. Hii ni ya mzizi mzee." Nikacheka, nikasema ni kwa sababu tumetwanga vizuri. Ukamaliza kikombe chote. Ukanishukuru.

Nilikupa umnywe mama, Kukhu, nawe ukanishukuru. Nimekuwa nikikwepa kuandika sentensi hiyo tangu mwanzo wa barua hii.

Uliishi miezi miwili zaidi. Nilikuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilijiambia leo nitasema. Nikikukuta umechangamka nilisema nisikuharibie siku. Nikikukuta umezidiwa nilisema nisikuzidishie. Hukuniuliza tena. Nilichukulia kwamba umesahau, na nilishukuru Mungu kwa hilo, sala mbaya kuliko zote nilizowahi kuomba.

Ulipofariki, hema letu lilisimamishwa kwa mara ya kwanza. Ndiyo. Halikuwa limetumika popote. Nilipigilia vigingi mwenyewe, uani, hatua chache kutoka pale nyuma ya jiko. Mvua ilinyesha wakati wa ibada na hakuna aliyelowa, wala wewe hukulowa. Watu walilisifu. Pasta alisimama karibu na jeneza lako akasema, "Hema hili tunaloketi chini yake limetoka kwa mikono ya mama huyu. Alikuwa na mukombero aliopandiwa na mume wake, akautoa wote kwa kanisa bila kubakisha. Ni nani kati yetu angetoa wote?" Watu wakasema amina. Akasema nisimame. Nikasimama. Nilisimama pale, Kukhu, watu wakapiga makofi, nami nikaketi.

Siku ya tatu baada ya mazishi ikawa ya kunyolewa sisi wafiwa. Wazee wakaketi, na yule kaka yako mdogo aliyebaki akauliza kama inavyoulizwa, ni nani aliye na kitu cha marehemu, au marehemu alikuwa na kitu chake, aseme sasa mbele ya watu. Jirani akasema ana ungo wako na ataurudisha. Mzee mmoja wa kukata miwa akasema ulimpa kuku aanzie ufugaji na hajawahi kukurudishia hata kifaranga. Watu wakacheka kidogo, wakasema asamehewe. Kaka yako akauliza tena, "Mwingine?" Akazungusha macho. Macho yake yalinipitia. Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa na matope ya kaburi lako, nikaanza kuyabandua kwa kijiti kama mtu mwenye kazi ya maana.

Wembe ulipita kichwani mwangu nikiwa nimenyamaza.

Baadaye nilimkuta Senge akisugua sufuria nyuma ya jiko. Hakunitazama. Aliongea akiendelea kusugua, na maneno yake nakuandikia yote kwa sababu nimeyabeba kila siku tangu hapo. Alisema, "Alienda kuona. Ile siku ulimwambia iko, kesho yake asubuhi akasema nimshike mkono. Tulienda pole pole. Alisimama hapo kwa udongo, akagusa na fimbo. Mimi nikaanza kulia. Akaniambia, 'Nyamaza. Makokha amesema yuko. Basi yuko. Wewe usimwambie kitu.' Nikanyamaza. Lakini leo umeulizwa mbele ya watu, na bado umenyamaza. Kwa hivyo mimi nimesema."

Kisha akamwaga maji machafu, akainuka, akaniacha na hizo sufuria. Nilizisugua zote.

Kwa hivyo ulijua. Jumamosi zote zile ulijua. Uliponiuliza nimekula, ulijua. Uliponiambia nitafute mke kabla hujaondoka maana mke mmoja mzee hatoshi, ulijua, na ukacheka vilevile. Nimejaribu kukasirika na wewe kwa kunificha kwamba unajua. Fikiria ujinga huo. Ningependa kama ungenigonga mkono kwa fimbo, kama ulivyomgonga Violet.

Miezi imepita. Habari za nyumbani: Senge amenenepa kidogo. Mahindi yamefanya vizuri upande wa chini. Ungo wako ulirudi. Hema letu limeenda matanga mengi na harusi mbili, na kila ninapoliona limetandazwa mahali natafuta kazi ya kufanya nje yake, kwenye jua. Watu wanadhani mimi ni mchapakazi.

Mwezi huu vijana wakaanza kupanga mauzo ya pili. Wanataka jiko kubwa na sufuria za kupikia wageni. Karatasi za majina zilikuwa zimeshachapishwa, na juu yake wameandika mukombero wa Kukhu, na picha ya baiskeli. Leo baada ya ibada tukakutana, na Violet akaniuliza kama ile miche mipya niliyosema utapanda imekomaa.

Nilisimama, nikasema. Sikusema vizuri. Nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikataja hospitali, nikataja jembe, nikataja chai. Kuku na makaa yake. Lakini yote yalitoka. Mmoja nyuma ya wengine akasema basi tumerudi kwa sabuni, na hakuna aliyecheka. Violet hakulia, ingawa nilidhani atalia. Alisema tu, "Mimi niliuliza." Akakunja karatasi zake akaziweka kwenye mkoba. Nilimwambia ni kweli, aliuliza, na mimi ndiye niliyemdanganya, yeye hana kosa. Aliitikia kwa kichwa. Sijui kama atakuwa rafiki yangu tena.

Pasta aliningoja nje. Hakunifokea. Alisema, "Makokha, mimi nilisema uongo mbele ya mwili wa mama yule, bila kujua. Jumapili ijayo utasimama mbele ya watu waliousikia huo uongo na utauondoa wewe mwenyewe." Nikakubali. Nimemrudishia pia uenyekiti. Baada ya hapo nitaenda kwa kaka yako na wazee wake, nijibu swali waliloniuliza siku ya kunyolewa. Wakitaka nilete kondoo nitaleta. Wakininyamazia pia nitakaa pale ninyamaziwe.

Jambo moja zaidi. Baada ya yale ya Senge nilienda upande wa msitu kwa mzee mmoja anayeotesha mukombero kwenye vikopo. Aliniuliza ni wa biashara au wa nyumbani. Nikainama kuitazama miche. Akanipa mitatu. Niliipanda palepale, chini ya lusiola. Mmoja ulikauka, mmoja mbuzi wa jirani aliuona kabla yangu. Umebaki mmoja, na umepata jani la nne. Nakuandikia jani la nne kana kwamba ni habari kubwa, na kwangu ni kubwa.

Mzee alisema nisiuguse miaka mitatu. Nakuahidi miaka mitatu, na baada ya hapo nitachukua watoto wawili tu, kwa kisu, nianzie mbali, na mama sitamgusa, hata kanisa lote likisimama nyuma yangu na magunia. Sitausimulia kwa mtu yeyote anayetaka kununua. Nitakayemsimulia ni yule atakayekuja kuketi kwenye kigoda chako, nikimpata, na nitamsimulia yote, kuanzia baiskeli mpaka majembe yale.

Kila jioni nampigia Senge simu. Namuuliza kama mama yuko. Ananijibu, "Yuko." Senge hajawahi kunidanganya maishani mwake. Hata hivyo kila Jumamosi napanda boda mpaka Navakholo, na kabla sijaingia ndani, kabla sijasalimia mtu, nazunguka nyuma ya jiko, napiga magoti, naangalia kwa macho yangu. Neno hilo, yuko, nililiharibu mwenyewe.

Pumzika, Kukhu. Pumzika, mke wangu. Msalimie Kuka, na kama bado hujamwambia, usimwambie. Niachie nimweleze mwenyewe nikifika.

Mjukuu wako,
Makokha